SHOKI MBOVU NI BREKI MBOVU
Hotuba kwa wenye motokaa, madereva na mafundi wa Migori na Homa Bay



Mtu anunuapo motokaa huuliza kwanza habari za injini. Hufungua boneti, husikiliza mvumo wake, hutazama rangi ya moshi. Kisha hutazama matairi, taa na viti. Ni wachache sana wanaoinama na kuchungulia nyuma ya gurudumu, mahali palipo na bomba la chuma lenye vumbi, lililosimama kati ya gurudumu na bodi. Bomba hilo ndilo shokabzoba. Mafundi wa Kenya hulifupisha jina na kuliita shoki, na wenzao wa Tanzania huliita shokapu. Maneno ya leo yanahusu chombo hicho: kazi yake, jinsi ya kukikagua, na jinsi ya kukibadilisha bila kuumiza mtu.

Jambo moja lafaa kushikwa tangu mwanzo. Watu wengi hudhani ya kuwa shoki imewekwa kwa ajili ya starehe ya abiria, ili mgongo usiume na mayai yasivunjike. Kwa hiyo shoki ikichoka, mwenye gari husema, “Tutavumilia.” Fikira hiyo ni kosa, tena ni kosa lenye hatari. Starehe ni faida ya pili. Kazi ya kwanza ya shoki ni kulishika gurudumu lisiruke juu ya barabara. Gurudumu lililo hewani halisimamishi gari, hata breki zikiwa mpya, wala halifuati usukani, hata dereva awe hodari namna gani.

KAZI YA SPRINGI NA KAZI YA SHOKI

Springi na shoki hufanya kazi pamoja, lakini kazi zao ni mbili mbalimbali. Springi hubeba uzito wa gari. Gurudumu likikanyaga jiwe, springi hujikunja na kuipokea nguvu ya pigo lile. Lakini springi haiwezi kuipoteza nguvu hiyo. Huiweka tu, kisha huirudisha. Ndiyo sababu springi iliyo peke yake hunesa juu na chini mara nyingi kabla ya kutulia, kama mtoto anayerukaruka juu ya kitanda.

Shoki huja kuituliza springi. Ndani yake mna oili, na ndani ya oili mna pistoni yenye matundu madogo na vali. Gurudumu lipandapo au lishukapo, pistoni hulazimishwa kupita katika oili, na oili hulazimishwa kupenya katika matundu yale. Mvuvi wa Mbita alijua jambo hili kabla ya kuona motokaa. Kasia likivutwa polepole majini ni jepesi. Likivutwa kwa nguvu na haraka, maji hulizuia. Shoki nayo ni vivyo hivyo: gari liinamapo polepole, hukataa kidogo, gurudumu lirushwapo ghafula, hukataa sana. Nguvu ya springi hugeuzwa kuwa joto, na joto hilo hupotea hewani. Shoki nyingi za siku hizi hutiwa pia gesi ya naitrojeni, ili oili isifanye povu gari liendapo muda mrefu katika njia mbaya. Oili yenye povu haizuii kitu.

Katika barabara ya makorongo, gurudumu huweza kutikisika mara 10 hadi 15 katika sekunde moja. Gari lililo katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, ambao ndio ukomo wa magari ya abiria nchini Kenya, hupita mita 22 katika sekunde hiyo hiyo. Basi dereva na apige hesabu mwenyewe: shoki ikiwa imekufa, ni mita ngapi katika hizo ambazo tairi lake haligusi ardhi sawasawa?

STRATI NI NINI

Katika magari mengi madogo, shoki ya mbele haikusimama peke yake. Imeunganishwa na springi pamoja na kichwa cha gurudumu kuwa mhimili mmoja, nao huitwa strati. Aliyeusanifu mhimili huo kwa namna iliyoenea duniani ni mhandisi wa Marekani, Earle S. MacPherson. Aliomba hati ya uvumbuzi wake mwaka 1947, akiwa katika kampuni ya General Motors, kisha akahamia Ford. Mwaka 1950 Ford ya Uingereza ilitoa magari ya Consul na Zephyr yenye strati hizo mbele.

Watu wa Afrika Mashariki hawakukawia kuona kama mhimili huo wafaa katika njia zao. Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953, na mwaka 1955 Ford Zephyr ilishinda, ikiendeshwa na Vic Preston pamoja na D. P. Marwaha. Ugumu wa njia za mashindano hayo wajulikana sana: mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Basi strati si kitu dhaifu. Lakini gari la mashindano hukaguliwa na mafundi katika vituo njiani, na sehemu iliyochoka hubadilishwa bila huruma. Gari la biashara la Rongo au la Mbita hukimbia mwaka mzima, na pengine hapana hata mtu mmoja aliyelala chini yake kulitazama.

NJIA ZA MIGORI NA HOMA BAY

Kaunti hizi mbili zamani zilikuwa ndani ya Wilaya ya South Nyanza, makao yake yakiwa Homa Bay. Barabara kuu ya kutoka Isebania, mpakani mwa Tanzania, hupita Migori, Awendo na Rongo, ikaelekea Kisii. Kutoka Rongo, njia nyingine hushuka kupitia Rodi Kopany hata mji wa Homa Bay ulio ufukoni mwa ziwa. Hizo ni njia za lami. Lakini lami nayo ina maadui wa shoki: matuta ya kupunguza mwendo katika kila kituo cha biashara, na kingo zilizomegeka, ambazo gari hushuka na kupanda linapopishana na lori.

Mtu aachapo lami, mambo huwa mengine. Bonde la Lambwe lina udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao masika hunata kama gundi, na kiangazi hukauka ukabaki na mashimo magumu ya nyayo za ng’ombe na magurudumu. Upande wa Awendo, matrekta na malori ya miwa huchimba mifereji katika njia za mashamba. Tope huganda juu ya shoki na kukauka. Kila mara fimbo ya shoki iingiapo ndani, chembe za mchanga huikwaruza, na sili ya juu hukatika. Sili ikikatika, oili hutoka. Oili ikitoka, shoki imekwisha.

Zaidi ya njia, kuna mzigo. Gari la Toyota Probox, lililoanza kutengenezwa mwaka 2002, limekuwa mtumishi mkubwa wa watu wa sehemu hizi. Lina strati mbele, na nyuma lina springi na shoki zilizotengana. Ni gari lenye nguvu, lakini halikusanifiwa kubeba watu wanane au tisa pamoja na magunia ya omena. Mzigo ukizidi, springi hukaa chini daima, na shoki hugota kila shimo. Chuma nacho huchoka, ijapokuwa hakilalamiki.

MFANO WA DEREVA MMOJA

Na uchukuliwe mfano wa dereva ambaye si mtu fulani, bali ni mfano wa wengi. Aendesha gari la abiria kati ya Homa Bay na Rongo. Juma la kwanza aliona ya kuwa gari linainamisha pua sana afungapo breki. Hakujali. Juma la pili lilianza kuyumba katika kona, na abiria mmoja, mama mzee aliyeketi nyuma, akauliza kama wako ndani ya mtumbwi. Watu wakacheka. Mwezi uliofuata, tairi la mbele la kushoto likaanza kulika kwa madoa madoa, bonde na kilima, bonde na kilima. Alinunua tairi la mitumba, akaliweka.

Fundi aliyemfungia tairi hilo alichungulia ndani, akapangusa strati kwa kidole, kidole kikatoka cheusi.

“Omera,” fundi akamwambia, yaani ndugu yangu, “strati hizi zimekufa zote mbili.”

“Gari bado latembea, fundi. Ngoja mwisho wa mwezi.”

“Kutembea latembea. Je, litasimama?”

Dereva alicheka, akalipa fedha za tairi, akaenda zake. Siku ya tano, jioni, alikuwa akishuka kuelekea Homa Bay, na gari limejaa. Mbele yake mtoto wa shule alivuka njia akifuata mbuzi. Dereva alikanyaga breki kwa nguvu zake zote. Pua ya gari ililala chini, magurudumu ya mbele yakaanza kudundadunda juu ya lami iliyopasuka, na gari likaendelea kwenda. Lilisimama mita kadha wa kadha mbele ya mahali alipokuwa mtoto. Mtoto alikuwa katika majani kando ya njia, amejitupa mwenyewe. Aliokoka kwa sababu miguu yake ilikuwa myepesi, si kwa sababu breki zilishika.

Dereva yule alishuka, akafungua boneti, akatazama breki. Oili ya breki ilikuwa imejaa. Pedi zilikuwa nene. Hapakuwa na kasoro yoyote katika breki. Hapo ndipo alipoyakumbuka maneno ya fundi.

JINSI YA KUKAGUA

Ukaguzi hauhitaji mashine ya thamani kubwa. Wahitaji macho, mikono, masikio na muda wa nusu saa. Watengenezaji wengi hushauri shoki zikaguliwe kila baada ya kilomita 20,000. Katika njia za udongo na mawe, haifai kungoja hata kiasi hicho. Kila gari liendapo kubadilishwa oili, shoki na zitazamwe.

La kwanza, macho. Gari lisimame mahali palipo tambarare, kisha shoki zote nne zitazamwe. Ukungu mwembamba wa oili karibu na sili ya juu si neno. Lakini oili inayotiririka, iliyoshika vumbi na kugeuka kuwa tope jeusi, ni alama ya shoki iliyokwisha. Bomba lililobonyea, fimbo iliyopinda au yenye kutu na vishimo, na raba ya kuzuia vumbi iliyopasuka, hizo nazo ni alama. Springi itazamwe hasa mzingo wake wa chini kabisa, kwa maana hapo ndipo matope hukaa na kutu hula, na aghalabu springi huvunjika hapo bila dereva kujua.

La pili, mikono. Kona moja ya gari ibonyezwe kwa uzito wa mwili mara tatu, kisha iachiliwe. Gari lapasa kupanda, kushuka kidogo, na kutulia. Likiendelea kunesa, shoki ya kona hiyo imechoka. Lakini jaribio hili hufunua shoki iliyokufa tu. Shoki iliyochoka nusu huweza kulipita. Kwa hiyo fundi asitoe hukumu kwa jaribio hilo peke yake.

La tatu, tairi. Kiganja kipitishwe juu ya tairi kuzunguka mduara wake. Tairi lenye mabonde na vilima husema ya kuwa lilikuwa likiruka na kutua, likiruka na kutua. Huenda sababu ikawa balansi au beringi ya gurudumu, lakini shoki na ichunguzwe kwanza.

La nne, masikio. Kelele ya kugonga katika matuta madogo huweza kutoka katika bushi iliyolika, boljointi iliyolegea, au maunti ya juu ya strati. Mtu mmoja ageuze usukani polepole, gari likiwa limesimama, na mwingine aweke mkono juu ya springi ya mbele kwa uangalifu. Springi ikiruka ghafula kwa mshindo, beringi ya maunti imekwama.

La tano, joto. Baada ya mwendo wa kilomita nyingi katika njia mbaya, shoki iliyo nzima huwa na joto, kwa kuwa kazi yake ni kugeuza mtikiso kuwa joto. Ikiwa ya kulia ni ya moto na ya kushoto ni ya baridi, ile ya baridi haikufanya kazi. Mkono usogezwe polepole, kwa maana shoki iliyofanya kazi nyingi huweza kuunguza, na breki zilizo jirani yake huunguza zaidi.

JINSI YA KUBADILISHA STRATI

Shoki nyingi za magari madogo zimefungwa kabisa kiwandani, nazo hazifunguliwi ili zitengenezwe; hutolewa, zikawekwa mpya. Tena hubadilishwa mbili mbili: zote za mbele, au zote za nyuma. Shoki mpya upande mmoja na kuukuu upande mwingine hulifanya gari livute kando lifungapo breki.

Kwanza gari lisimamishwe mahali pagumu na tambarare, handibreki ivutwe, na magurudumu ya nyuma yazuiwe kwa mawe au vipande vya mbao. Nati za gurudumu zilegezwe kabla ya gari kuinuliwa. Likiisha kuinuliwa kwa jeki, liegemezwe juu ya stendi za chuma. Jeki ni ya kuinulia, si ya kuegemeza. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, wala lililowekwa juu ya matofali. Tofali hupasuka bila kutoa taarifa.

Gurudumu likiisha kutolewa, bomba la mpira la breki lifunguliwe mahali liliposhikizwa katika strati, pamoja na waya wa breki za kisasa kama upo, na kifimbo cha kuzuia gari lisilale upande. Bolti mbili za chini ziwekwe alama kabla ya kufunguliwa, ili zirudi pale pale. Kichwa cha gurudumu kifungwe kwa waya, kisianguke nje na kuvuta shafti au bomba la breki. Kisha nati ndogo za juu, zilizo chini ya boneti, zifunguliwe, na strati ishushwe kwa mkono.

Hapa pana onyo kubwa. Katikati ya nati hizo ndogo pana nati moja kubwa. Hiyo ndiyo inayoizuia springi. Isiguswe kamwe kabla springi haijabanwa kwa kibano chake. Gari dogo lenye uzito wa kilo 1,100 huegemeza kilo 300 na zaidi juu ya springi moja ya mbele, na springi iliyo ndani ya strati hubaki imekunjwa hata baada ya kutolewa garini. Nati hiyo ikifunguliwa bila kibano, springi hufyatuka pamoja na maunti, nayo huweza kuvunja taya, kupofua jicho, au kuua. Kamba, minyororo na waya si vibano. Vibano viwili viwekwe pande mbili zinazokabiliana, vikazwe kwa zamu, kidogo huku na kidogo kule, hata springi ilegee katika viti vyake. Fundi asielekeze uso wake juu ya strati wakati wo wote wa kazi hiyo, na wanaotazama wakae mbali.

Springi ikiisha kubanwa, nati kubwa ifunguliwe, na sehemu zote zitazamwe moja moja. Maunti, beringi yake, raba ya kugotea na raba ya kuzuia vumbi zikiwa zimechoka, zibadilishwe papo hapo. Ni sehemu ndogo, lakini raba mbovu huiua shoki mpya kabla ya wakati wake. Shoki mpya isimamishwe wima, ivutwe na kusukumwa polepole mara chache, ili hewa iliyoingia mahali pa oili itoke. Fimbo yake inayong’aa isishikwe kwa koleo hata kidogo, kwa maana alama moja ya meno ya koleo yatosha kuikata sili.

Wakati wa kurudisha, ncha ya springi ikae sawasawa katika kiti chake. Nati zikazwe kwa kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha gari. Bolti zinazopita katika bushi za mpira zikazwe mwisho, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake; zikikazwa gari likiwa juu, mpira hupindika daima na hupasuka upesi. Kwa upande wa nyuma, ekseli iegemezwe kwa jeki kabla shoki haijafunguliwa, kwa sababu katika magari mengi shoki ndiyo inayozuia ekseli isishuke kupita kiasi. Kazi ikiisha, gari liendeshwe polepole, nati zitazamwe tena, na magurudumu ya mbele yapimwe alainimenti. Strati zikitolewa na kurudishwa bila kipimo hicho, tairi mpya huweza kulika upande mmoja kwa muda mfupi.

NJIA ZA MKATO

Ziko njia za mkato, nazo hupendwa kwa kuwa ni za bei ndogo. Vipande vya raba hutiwa katikati ya mizingo ya springi ili gari lisimame juu. Gari husimama juu kweli, lakini raba hiyo haiponyi shoki. Hufanya springi iwe ngumu na kurusha kwa nguvu zaidi, na shoki iliyochoka huzidi kushindwa. Kukata springi, kuipasha moto au kuichomelea ni vibaya zaidi, kwa maana chuma chake hupoteza ugumu kilichopewa kiwandani. Kutoboa shoki na kuijaza oili ya injini ni kujidanganya: sili iliyovuja oili ya kwanza itavuja na ya pili.

Anunuaye shoki iliyotumika na aijaribu kwanza. Aisimamishe wima, aisukume hata mwisho na kuivuta hata mwisho, mara kadha. Lazima ikatae sawasawa katika safari nzima, bila mahali palipo patupu na bila kelele ya kukoroma. Iliyo na mahali patupu irudishwe kwa mwenye duka.

Na shoki kuukuu zisitupwe ovyo. Yenye gesi huweza kulipuka ikitiwa motoni. Oili yake isimwagwe mtaroni. Maji ya mto Migori huingia mto Kuja, na maji ya Kuja huingia ziwani, na katika ziwa hilo hilo ndimo watu wapatamo samaki na maji ya kunywa.

FEDHA NA WAJIBU

Mwenye gari atasema ya kuwa strati mbili ni fedha nyingi. Ni kweli. Lakini na apige hesabu nzima. Shoki mbovu hula matairi, hula bushi, hula boljointi, na huchosha maunti. Mwenye kukataa gharama moja hulipa gharama nne, tena kwa siku asizochagua mwenyewe, gari likiwa limekwama njiani na abiria wakidai nauli zao. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Juu ya fedha uko wajibu. Sheria ya Barabarani ya Kenya, Sura ya 403, yakataza gari lenye hali ya kuhatarisha watu lisitumiwe barabarani, na magari ya abiria hupaswa kukaguliwa kila mwaka. Lakini mkaguzi huliona gari siku moja katika siku 365. Siku zilizobaki ni za mwenye gari, dereva na fundi. Fundi aonaye strati inayovuja na aseme wazi, hata kama aliitwa kwa kazi ya tairi tu. Dereva na amwambie mwenye gari bila woga. Abiria naye aonaye gari linayumba kama mtumbwi ana haki ya kuuliza, na asichekwe.

Katika gari hilo hilo huweza kuwamo mama anayepelekwa hospitali usiku, mwalimu aendaye kazini, au mwenye duka aliyebeba akiba yake yote. Hakuna hata mmoja wao aliyeiona shoki, wala anayejua jina lake. Wameiamini tu. Basi kesho asubuhi, kabla ya injini kuwashwa, kila mwenye motokaa na ainame nyuma ya gurudumu la mbele, apanguse strati kwa kidole, akitazame kidole chake. Kikitoka kikavu, aende zake kwa amani. Kikitoka cheusi na chenye oili, asiseme, “Ngoja mwisho wa mwezi.”